Mguu wa Kushoto wa Mama Mita

Siku ya kwanza fundi viatu alipomwona Mama Mita, alimwona kuanzia vifundoni kushuka chini. Ndivyo alivyowaona watu wote. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili, ubavuni mwa kinyozi, na kigoda alichokalia kilikuwa kifupi kiasi kwamba dunia nzima ilimpita kwa miguu. Tena alikuwa mtu wa haya. Mteja akimsalimu, aliitikia huku macho yakiwa kwenye kiatu, kana kwamba kiatu ndicho kilichomsalimu.

Asubuhi hiyo ya Februari zilisimama mbele yake ndara mbili za bluu, na juu ya ndara ikatoka sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Fundi! Umelala au unasali?"

"Nipo, mama."

"Kama upo, shika hii."

Mfuko wa plastiki ukamwangukia mapajani. Ndani mlikuwa na kiatu kimoja cha michezo, cha kushoto, soli yake imelika mbele mpaka ungeweza kumchungulia jirani kupitia humo.

"Na mwenzake?" fundi akauliza, akikiuliza kiatu.

"Mwenzake mzima. Wa nini kumsumbua? Wewe ukiumwa jino, unapeleka na goti kwa daktari?"

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine, mteja wake akabaki na ndevu upande mmoja.

Mama Mita alikuwa msoma mita wa ofisi ya maji, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuinua kifuniko cha chuma, kutanguliza mguu wa kushoto, kuinama, kujisokota kidogo ili asome namba, kuandika, kisha kwenda nyumba ya pili. Mara mia na kitu kwa siku. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa mwajiriwa. Wa kulia ulikuwa ukimsindikiza tu.

"Nimetimiza hamsini na moja," alimwambia fundi siku hiyo, bila kuulizwa. "Miaka ishirini na sita nainamia mashimo. Mwaka huu nimesema hapana. Kila nikipata nafasi niko nje, nakimbia, napanda vilima, nafanya kila wanachofanya watu wenye afya. Nataka kitu kimoja katika maisha yangu ambacho si cha kuinama. Kwa hiyo nitengenezee vizuri, baba."

Fundi akamtengenezea vizuri. Alikata kipande cha mpira wa tairi kuanzia ncha mpaka kisigino, maana kiraka cha nusu soli hakikumpendeza, akapaka gundi, akashona kwa uzi wa nailoni, akagonga kingo zikatulia. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alimwekea sharti moja ambalo hakuwahi kulivunja: kazi uliyoifanya kwa mkono wako usiibandue, ongeza juu yake. Kubandua, mjomba alisema, ni kujitukana mbele ya wateja.

Basi Mama Mita akarudi Mei, na mfuko, na kiatu cha kushoto. Fundi akaongeza soli juu ya soli. Akarudi Agosti, akaongezewa. Akarudi Oktoba, akaongezewa tena. Kila mara kiatu kimoja, na kila mara fundi alikipokea, akakipenda, akakirudisha kimeng'aa. Kusema kweli alikuwa akihesabu wiki. Hakuna mteja mwingine aliyemsemesha kwa zaidi ya pumzi moja. Mama Mita alimsemesha mpaka gundi ikakauka.

Desemba, siku moja kabla ya ofisi kufungwa, ndara za bluu zikasimama tena mbele ya kigoda. Safari hii mfuko ulikuwa mzito.

"Fundi, nimekuja kukuaga. Nimehamishwa. Kesho alfajiri gari la ofisi linanichukua, naenda kusoma mita za watu wengine. Hivi nimekuletea, vyote viwili. Vikate ufanye viraka. Mimi na kukimbia basi."

Akakaa kwenye benchi la wateja, benchi likalia. Fundi alitoa viatu mfukoni, akavipanga kwenye ubao wake wa kazi, kimoja kando ya kingine, kama kawaida ya fundi yeyote anapopokea jozi.

Akaviangalia. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena.

Cha kulia kilikuwa kiatu. Cha kushoto kilikuwa kiatu kilichosimama juu ya kabati. Tofauti yao ilikuwa unene wa kidole gumba, na kidole chenyewe cha fundi, si cha mtoto.

Mama Mita hakuona kitu, maana tayari alikuwa ametoa daftari lake la mita na kulowesha kidole kwa ulimi. "Ngoja nikusomee mwaka wangu. Nimeuandika kama kazini, usomaji wa mwanzo na usomaji wa mwisho. Machi: mbio za Jumamosi, uwanja wa shule, mizunguko kumi, tunazunguka kwa mkono wa kushoto. Mzunguko wa kwanza niko na wenzangu. Wa pili niko nje ya mstari. Wa tatu nimepita katikati ya kamba ya nguo za mwalimu mkuu, nikatokea upande wa pili nimevaa shati lake. Mimi kichwa kinasema kushoto, miguu inasema kulia."

"Lilikutosha?" kinyozi akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Lilinibana kifua. Wewe nyoa. Juni: kutazama ndege. Kikundi cha watu wapole, kila mmoja na darubini, tunatembea msituni kimya kimya. Mimi nikaona ndege, nikamfuata, nikawapoteza wenzangu. Nimetembea saa nzima, roho mkononi. Mara naona watu mbele wenye darubini. Nikawakimbilia, nikawaambia, jamani nisaidieni, nimeachwa na kikundi changu. Kumbe ni wao! Nimezunguka nikawatokea mgongoni."

"Na ndege uliona wangapi, dada?"

"Mmoja. Alikuwa kuku."

Kinyozi akashika ukuta. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika kiatu cha kushoto kwa mikono miwili na jasho lilikuwa linamtoka nyuma ya masikio. Juni ilikuwa soli mbili.

"Septemba: kupanda kile kilima chenye mnara wa simu. Hapo sikiliza, fundi. Njia inazunguka kilima, ukipanda kilima kiko kulia kwako. Nilipanda kama malkia! Vijana wa chuo niliwaacha wanahema. Nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya vilima. Haya, tukashuka kwa njia ile ile, kilima sasa kiko kushoto. Hatua ya tatu nikaondoka."

"Ukaondoka kwenda wapi?" kinyozi akauliza.

"Chini. Niliwapita wote tena, ila safari hii kwa kubingirika."

Soli tatu, fundi akawaza. Kwenda juu zilimsawazisha, kurudi chini zikamtupa.

"Novemba: mashindano ya mji. Kilomita tano, barabara imenyooka kama rula. Nikajiambia, hapa hata mpofu anafika. Na nilifika, sijasema sikufika. Nilifika kituo cha zimamoto. Askari wakanipigia makofi, wakanipa maji, wakaniuliza moto uko wapi."

Akafunga daftari. Kinyozi alikuwa bado anacheka, lakini sauti ya Mama Mita ikashuka, ikawa sauti ya mtu anayezungumza ndani ya chumba.

"Nikaenda kwa daktari. Akapima masikio, akapima macho, akagonga magoti. Akaniambia nivue ndara, nitembee juu ya mstari wa vigae. Nikatembea kama askari. Akasema mama, wewe ni mzima. Basi nikajua. Kama daktari haoni kitu, ni uzee. Kule ninakohamia kuna kikundi cha wakimbiaji ofisini, wameshanipigia simu wananiuliza kama nitajiunga. Nimewaambia msoma mita mpya hakimbii. Ataendelea kuinama, ndicho alichojaliwa."

Fundi alikigeuza kiatu cha kushoto mkononi. Alijua sasa kwamba anayo maneno ya kumpa mama huyu miguu yake, na kwamba maneno hayo yatamvua yeye ufundi. Kinyozi alikuwa mita mbili kutoka pale, na kinyozi akijua jambo saa nne, saa sita linajulikana mji mzima. Angeweza kunyamaza. Angevikata viatu viraka, ushahidi ungeishia kwenye viatu vya watu kumi, na gari la ofisi lingeondoka na Mama Mita na uzee wake.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Si uzee."

"Nini basi?"

"Ni mimi."

Mama Mita akamtazama. "Wewe ndiye uliyenizeesha?"

Fundi akajibu kwa vifaa. Alichukua rula ya chuma, akailaza juu ya viatu viwili, kutoka kimoja mpaka kingine. Rula ikateleza kuelekea kulia, ikaanguka chini ikalia ngwee. Akaiokota, akailaza tena. Ikaanguka tena. Mara ya tatu Mama Mita aliidaka mwenyewe.

Akainama kwenye ubao, mguu wa kushoto mbele, kama anasoma mita. Akahesabu kwa ukucha: moja, mbili, tatu, nne. Akahesabu kutoka chini kwenda juu, bado zilikuwa nne.

"Hukubandua ya zamani?"

"Huwa sibandui, mama. Nilifundishwa hivyo."

"Hata mara moja?"

"Ulikuwa unaleta kimoja," fundi akasema polepole sana. "Kikiwa peke yake kinapendeza."

Kinyozi alikuwa amekuja na kitana mkononi, na mteja wake ameshamfuata na shuka shingoni. "Kaka!" akapiga yowe. "Mwaka mzima umemfunga mwenzako ngazi mguuni!" Akakaa chini kabisa, kwenye sakafu, akajipiga mapaja.

Masikio ya fundi yaliwaka moto. Lakini maneno yalishatoka, na alipogundua kwamba bado anapumua, akachukua kisu na koleo, akafanya jambo ambalo mjomba wake angelia kuliona. Alikata uzi wa nailoni. Akashika ukingo wa soli, akavuta. Gundi ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hiyo ni Oktoba," Mama Mita akasema soli ya kwanza ilipotoka. "Hiyo ndiyo zimamoto."

Ya pili ikatoka. "Hiyo kilima."

Ya tatu ikatoka na kipande cha ukucha wa fundi. "Hiyo kuku."

Ya nne aliipunguza kwa kisu, polepole, akipima kila baada ya mikwaruzo miwili, mpaka rula ikalala juu ya viatu viwili na kutulia kama maji ya mtungi. Aliigusa kwa kidole, haikwenda popote. Akampa viatu.

Mama Mita alivaa pale pale kwenye benchi. Akasimama. Akayumba, maana mwili ulikuwa bado unatafuta ngazi yake, akamshika kinyozi kichwani, akajiweka sawa. Halafu akaondoka mbio.

Barabara ilinyooka kutoka kibandani mpaka duka la dawa. Fundi akasimama kwenye kigoda, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya saa za kazi, akamwona kwa mara ya kwanza mzima mzima: mama mnene kiasi, gauni limekunjwa kiunoni, viwiko vinapiga hewa, kitambaa kimeteleza kichwani. Akapita gari lililoegeshwa kulia bila kuligusa. Akapita nguzo ya umeme. Akapita mfereji, mfereji ambao yeyote aliyemjua alikuwa tayari amejiandaa kumtoa humo, akaupita kwa umbali wa heshima. Akagusa mlango wa duka la dawa, akageuka, akarudi kwenye mstari ule ule.

Alipofika alikuwa anahema na uso umejaa jasho, na haikujulikana kama analia, anacheka au anatafuta kitu cha kumpiga nacho fundi. Alinyoosha kidole. Akainama, akakaza kamba za kiatu cha kulia, akakaza za kushoto.

"Mama," fundi akasema, "kwa kweli nakuomba..."

Tayari alikuwa ameshaanza kukimbia tena, safari hii kuelekea barabara kuu, njia ya mbali ya kwenda kwake. Fundi akashuka kwenye kigoda, akamfuata hatua kadhaa na aproni yake, akamwita kwa sauti ambayo hata kinyozi hakujua kama anayo:

"Mama Mita! Nisamehe!"

Hakusimama. Kesho yake alfajiri gari la ofisi lilimchukua kabla kibanda hakijafunguliwa, kwa hiyo alichosema pale barabarani, akigeuza kichwa bila kugeuza miguu, ndicho cha mwisho fundi alichokisikia kutoka kwake:

"Nyamaza, fundi! Msamaha baadaye! Nina hasira ya kunifikisha kilomita tano, usinipunguzie!"