Petroli ya Kumtafutia Hanif

Ukimwona Jalal siku hizi akipima makaa kwa debe pale mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, huwezi kuamini kwamba huyu ndiye aliyekuwa nahodha bora wa boti za wageni Ziwa Naivasha. Sisemi hivyo kwa kuwa ni rafiki yangu. Nina marafiki wengine ambao ni manahodha wabovu na nimewaambia hivyo usoni. Jalal alikuwa hodari, basi. Alijua kusimamisha boti hatua chache kutoka kwa kiboko bila kiboko kukasirika, na alikuwa na adabu iliyopitiliza, ile ya kuwashika wageni mkono wanaposhuka na kuwaombea safari njema hata kama wamemtukana asubuhi nzima.

Mimi naitwa Kipngetich, na kazi yangu ni ndege. Nilikaa mbele ya boti yake miaka mingi nikiwatajia wageni mwari, mnandi na korongo, yeye akiwa nyuma kwenye injini, kimya. Ukoo wake ulitoka Lamu enzi za babu, ukatua Nakuru mjini, na pwani yenyewe Jalal hakuwahi kuiona. Nilikuwa nikimtania kwamba ndiye Mswahili pekee aliyejifunza maji kutoka kwa Wakikuyu. Hapa Naivasha alikuja kuoa. Yeye na mkewe Ruqaiya walijaliwa mtoto mmoja tu wa kiume, Hanif.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limefura. Lilikuwa limemeza mashamba, vyoo, maduka, na nyumba ya Jalal ikiwemo, kwa hiyo familia ilihamia chumba cha kupanga upande wa juu. Hanif, ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, alikuwa akisaidia wavuvi kuvuta nyavu. Jioni moja kiboko aliinua boti yao. Wenzake wawili waling'ang'ania jerikeni wakatoka. Hanif hakutoka.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu walimchukia Jalal. Ziwa likishika mtu, boti za matembezi hazitoki. Kila mwenye boti anachanga petroli, tunatafuta, na mpaka mtu apatikane hakuna kumpeleka mgeni kupiga picha juu ya maji yaliyomlaza mwenzetu. Ni desturi nzuri. Naiheshimu. Lakini mafuriko yalikuwa yametuacha hatuna kitu, na petroli ya mchango ikaisha mapema. Baada ya hapo boti zilikaa ufuoni zikitazamana. Hakuna aliyekuwa akitafuta, na hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Tulikuwa tumekaa tu, tukiita kule kukaa heshima.

Jalal alitaka jambo moja: mwanawe apatikane, avikwe sanda, azikwe. Ruqaiya alikuwa ameacha kula. Kila jioni alimuuliza mumewe, "Umemwona?" na Jalal akajibu, "Bado." Nilikuwa nikisikia majibizano hayo mlangoni kwao na nilikuwa nikiondoka kabla ya kukaribishwa, kwa sababu sikuyaweza.

Ndipo simu ikaja kutoka Nakuru. Mtu aitwaye Vipul, mwenye duka la vitambaa, alitaka boti ya peke yake, yeye na mama yake, nusu siku, wazungushwe visiwani. Wageni wa namna hiyo hulipa mapema na tangi hujazwa. Jalal alikubali pale pale.

Habari zikafika ufuoni kabla ya wageni. Kinyanjui, mwenyekiti wetu wa boti, alimsubiri Jalal kando ya maji asubuhi.

"Jalal, niambie ni uongo," alisema.

"Si uongo."

"Sisi tumefunga kazi kwa sababu ya kijana wako. Watoto wetu wanalala njaa kwa sababu yake. Halafu baba mtu ndiye wa kwanza kubeba watalii?"

"Kinyanjui, una petroli?"

Kinyanjui aliangalia boti zilizolala ufuoni.

"Basi niache. Hao wageni watakaa ndani, mimi nitatafuta."

Kinyanjui alitema mate chini na kuondoka. Wengine walitugeuzia mgongo tulipokuwa tukisukuma boti. Mimi nilikuwa na hasira nao wote, na Jalal pia, kwa kunifanya nisimame mahali pale nikiwa na darubini shingoni kama mtu anayekwenda sherehe.

Wageni walifika. Vipul alikuwa mwanamume wa makamo, kitambi kidogo, viatu vipya visivyofaa matope. Mama yake, Champa, alikuwa mwembamba, amevaa nyeupe tupu na shali jeupe mabegani, amepakata kikapu kilichofunikwa kitambaa. Nilitaka kumpokea kikapu akanikatalia kwa kichwa. Nikadhani ni chakula. Wageni wetu wengi kutoka mjini huogopa chakula cha ufuoni, na siwalaumu.

Tukaondoka. Kwa kawaida safari ya nusu siku ni nyepesi: unavuka hadi kisiwa kikubwa kuona twiga na pundamilia, unarudi kwa kuzunguka visiwa vidogo, unamrushia furukombe samaki. Huyo samaki tunamtia kipande cha funjo mdomoni ili asizame, kisha tunapiga mluzi, ndege anashuka na mgeni anapata picha yake. Siku ile Jalal hakuelekea kisiwa kikubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye visiwa vya mafunjo, vile vinavyoelea, ambavyo upepo huvisukuma leo huku kesho kule. Alivizunguka kimoja kimoja, polepole, akiinama kuchungulia chini ya kingo.

Mimi nikawa nasema. Nilitaja ndege waliokuwepo na wasiokuwepo. Nilieleza yai la mnandi kwa urefu ambao hata mnandi angechoka. Nikarusha samaki, furukombe akaja, akanyakua, akaenda. Hakuna aliyeinua simu kupiga picha. Champa alikuwa akitazama maji na Jalal alikuwa akitazama maji, na mimi nikiwa katikati nikipiga kelele.

Hatimaye Vipul akachoka.

"Boss, sisi tulilipia islands," alimwambia Jalal. "Hii ni matope na magugu. Kuna place maji iko clean, deep kidogo? Mum anataka huko."

"Tutafika, bwana. Nipe muda kidogo."

"Umesema hivyo since tutoke."

Jalal akageuza boti kwa shingo upande, akatupeleka nje, kwenye maji ya wazi. Akazima injini. Champa akafunua kikapu. Ndani kulikuwa na maua ya manjano, nazi moja, na chungu cha udongo kilichofungwa mdomo kwa kitambaa chekundu.

Mimi nilizaliwa mtaa wa Rhonda, na Nakuru huwezi kukua bila kujua Wahindi wanawachoma wafu wao. Nilielewa papo hapo. Jalal pia alielewa.

"Mama, huyo ni nani?" aliuliza.

Champa alishtuka kidogo kuulizwa hivyo, lakini akajibu. "Mzee wangu. Baba ya Vipul. Alipenda hii ziwa sana. Tulikuwa tunakuja picnic, watoto wakiwa wadogo."

Vipul akaingilia haraka. "Hatukusema kwa simu kwa sababu watu wengine wa boti walikataa. Please, boss. Ni dakika tu."

"Hapana," alisema Jalal.

Sikuwahi kumsikia akimwambia mgeni hapana. Nafikiri hata yeye hakuwahi kujisikia.

"Usimweke hapa, mama. Nakuomba. Mtoto wangu yuko ndani ya haya maji na hayataki kunirudishia. Mimi nimekuja kumtoa, na wewe umekuja kuingiza mwingine. Siwezi kukaa hapa nikiangalia." Akamgeukia Vipul. "Nimewadanganya. Hii si tour. Nilitaka petroli yenu tu, nimtafute."

Vipul alifungua mdomo, na kwa uso wake nilijua ni maneno ya kudai haki yake, na alikuwa nayo. Alikuwa amelipa, na amefiwa pia. Mama yake akamwekea mkono gotini. Akamgeukia Jalal.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Hanif."

Champa alikifunika kikapu tena, akakivuta hadi kwenye paja lake.

"Tafuta mtoto kwanza," alisema. "Mzee wangu hana haraka."

Jalal alilia. Sioni haya kulisema. Alilia huku akivuta kamba ya injini, na injini ilipowaka tukarudi kwenye mafunjo. Sasa sote wanne tulikuwa tukitafuta. Vipul alivua viatu vyake vipya akapiga magoti pembeni, akisukuma magugu kwa kasia, suruali ikilowa. Nilimsamehe ule mdomo wake wa mwanzo.

Mchana upepo ukaanza, kama kawaida ya Naivasha, na visiwa vikaanza kuhama. Hii ndiyo saa ambayo nahodha mwenye akili hurudisha wageni. Nikamwambia Jalal tugeuze. Hakunisikia, au hakutaka. Upepo ulikuwa ukikisukuma kisiwa kimoja kirefu kuelekea miti iliyokufa, ile migunga ambayo ziwa lilikuwa limeifuata hadi shambani. Tulipokaribia, harufu ilitufikia.

Champa ndiye aliyeona. Alinyoosha kidole tu. Kati ya kisiwa na mti palikuwa na wavu uliojikunja, na ndani ya wavu jezi ya bluu, ile aliyokuwa akiivaa Hanif.

Sitaeleza tulivyomtoa. Nitasema tu kwamba Jalal hakukubali nimguse kichwa, alimshika mwenyewe, akimwita jina, akimwambia pole, pole baba, kama vile wavu ulikuwa ukimuumiza. Uso haukuwa wa kutambulika. Tulimlaza katikati ya boti, na Jalal akatazama huku na huku akitafuta cha kumfunika, akavua shati lake, likawa dogo. Champa alivua shali lake jeupe akalitandaza kuanzia kichwani hadi miguuni, akalichomeka pembeni upepo usilifunue. Vipul alikuwa ametapika na alikuwa akijifuta mdomo kwa mkono.

Ufuoni walituona kutoka mbali, na kwa jinsi boti ilivyokuwa ikienda taratibu wakajua. Kinyanjui aliingia majini hadi kiunoni kutupokea. Hakuomba radhi, na Jalal naye hakumwomba yeye radhi. Walimbeba Hanif pamoja.

Kisha Jalal, akiwa kifua wazi, matope mwili mzima, akamrudia Champa na kumpa mkono ashuke. Ile adabu yake bado ilikuwa hai.

"Mama, safari yako haijaisha," alisema. "Niambie siku. Nitakupeleka mwenyewe kwenye maji safi."

Champa alitazama shali lake, ambalo sasa lilikuwa likipanda ufuo juu ya mabega ya watu.

"Nimeona maji inafanya nini," alisema. "Mzee narudi naye."

Hanif alizikwa jioni ile ile. Maimamu walisema mwili haukuwezekana kuoshwa, ungeachana, basi wakamtayamamisha kwa udongo mkavu. Ruqaiya hakuruhusiwa kumwona. Jalal alipotoka makaburini mkewe alimuuliza lile swali lake la kila jioni, na safari hii akajibu, "Nimemwona," na nafikiri lingekuwa jambo la huruma zaidi kama angeendelea kusema bado.

Boti aliiuza kabla ya mwezi kwisha. Wakahamia Kaptembwo kwa ndugu yake, akaanza makaa. Nikienda Nakuru humtembelea, na ikiwa ni Ijumaa, baada ya sala hunipeleka duka la vitambaa la Vipul. Huingia, huvua kofia, humsalimia Champa, na kuketi kwenye kigoda karibu na mlango. Chungu kiko juu ya rafu, nyuma ya majora ya sufu, na kile kitambaa chekundu kimeanza kufifia.

Mara ya mwisho tulimkuta Vipul akigombana na mama yake. Alikuwa akisema ndugu wa kule Uingereza wanapiga simu kila wiki, kwamba majivu hayakai ndani ya nyumba, kwamba baba yake amekwama, hawezi kuendelea na safari yake. Alituona akanyamaza, akatoka nje kwa hasira. Sikumlaumu. Mtu amekufa mwaka mzima na bado yuko dukani.

Jalal alikaa akitazama mikono yake, nyeusi kwa makaa.

"Mama, haya ni makosa yangu," alisema. "Usingekuwa na mimi siku ile ungemweka vizuri ukarudi nyumbani. Mimi nilimtoa wangu nikakufungia wako. Sema tu, tutaazima boti ya Kinyanjui, nikupeleke."

"Wewe unaweza kuwasha injini?" Champa alimuuliza. "Unaweza kupita pale tulimpata mtoto?"

Nilitaka kumjibia. Nilitaka kusema anaweza, kwamba ni nahodha bora niliyewahi kukaa naye, kwamba maji ni maji na wafu ni wafu, na kwamba inatosha sasa. Jalal alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofanya kila kitu.

"Siwezi," alisema.

"Basi na mimi siwezi," alisema Champa, akamwita msichana wa dukani atuletee chai.