Filamu Niliyoisikia Nikiwa Nimegeukia Ukuta

Mpaka leo nikisikia mvuke wa pasi ukifoka siwezi kukaa. Nasimama, nazungukazunguka chumbani, kwa sababu papo hapo inanijia sauti ya mama mdogo Salma akitafsiri filamu.

Tulipanga Al Mansoura, mtaa wa wageni huko Uarabuni, nami nilikuwa na miaka minane. Ijumaa asubuhi baba, dereva, alikuwa barabarani. Mama alipiga pasi mashati yake, na mdogo wake Salma, aliyeishi nasi na kufanya kazi saluni, aliweka diski na kumsimulia, maana mama hakujua Kiingereza. Ijumaa moja nikaambiwa, "Geukia ukutani, hii si ya watoto." Nikageuka. Masikio lakini hayana kope.

Filamu ilihusu watu wa Ulaya waliodai haki zao zamani. "Anampenda mwenzake," alisema mama mdogo. "Mwenye nyumba kawatimua. Sasa yeye kapanda jukwaani, anawaambia polisi harudi nyuma."

"Yeye" ya Kiswahili haionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke. Pale ukutani mimi niliwaona wote wawili wanawake, tena mmoja mrefu kama mama mdogo. Nilifurahi hadi miguu ikanicheza, kwani katika filamu zetu nyingine wanawake walikuwa wakilia tu.

Habari hiyo ilinikereketa kooni. Kufika mchana nilikuwa kwenye lifti na Mama Brayo, jirani yetu Mkenya, nikamhadithia.

"Wee, hiyo stori umetoa wapi?"

"Kwa mama mdogo. Ni wanawake wawili, wanapendana kama yeye na da Neema wa saluni."

Lifti ilipofunguka alikwenda moja kwa moja kwa mama. Jioni mama alinichapa kandambili. "Uongo wako huu utamfukuzisha mtu nchi," alisema. Maneno yangemfikia kafili wa mama mdogo, yule bosi aliyeshika viza yake, angepandishwa ndege arudishwe kwetu. Wiki hiyohiyo alihamia Al Wukair, mbali na sisi, na hakulala kwetu tena.

Ukubwani niliitafuta filamu ile nikaipata. Wapenzi wote wawili walikuwa wanaume. Wanawake walikuwa watatu: mama mtu anayelia, mke aliyeachwa, na mmoja asiye hata na jina, anayechapa vipeperushi na kuwapikia chai waandamanaji. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa, nikampigia simu mama mdogo, ambaye siku hizi yuko Tanga.

"Ulinidanganya," nilimwambia.

Akacheka. "Kiswahili ndicho kilichosema yeye. Mimi sikukisahihisha tu. Nilichoka kutuona tunapika chai."

Hapo nikamwomba radhi kwa uongo wangu uliomhamisha.

"Uongo gani, mwanangu? Neema huyu hapa, anakusalimu."

Simu ilikatika nikiwa bado nimesimama. Miaka yote niliamini nilichapwa kwa kusema uongo. Kumbe mama alinichapa kwa sababu nilisema kweli, na kweli hiyo aliijua kabla yangu.