Mitumbwi Mitatu Juu ya Plaiwudi

Harufu ya gundi ya mbao ikinipata mahali popote, hata mbele ya karakana ya seremala nisiyemjua, najikuta nina miaka minane, nimekaa juu ya kigoda katika ua wa nyumba yetu Gisenyi, na vidole vyangu vimegandana viwiliviwili. Ilikuwa likizo ndefu ya kiangazi, wakati vumbi jeusi la mawe ya volkano huingia mpaka ndani ya sahani. Tonton Deo, mdogo wake mama, alikuwa amevuka mpaka kutoka Goma kuja kukaa kwetu. Asubuhi alitengeneza viti vya hoteli moja ya ufukweni, na mchana alikuwa wetu, mimi na mdogo wangu Fidele aliyekuwa na miaka sita. Watu wazima wengi hucheza na watoto huku wakiangalia saa. Tonton alicheza kama mtu aliyeajiriwa kucheza, tena aliyeogopa kufukuzwa.

Alikuja na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake walikuwamo wanajeshi arobaini aliowachonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi, kila mmoja hana urefu wa kidole changu cha mwisho, na bunduki zao zilikuwa njiti za kiberiti. Mchezo wenyewe alikuwa amefundishwa na mwalimu wake wa shule, Bukavu. Unajenga nchi nzima juu ya ubao, unapanga majeshi mawili, unapima mwendo kwa rula, na dadu ndiyo inayoamua nani amempiga nani. Tulipata kipande cha plaiwudi, tukakilaza juu ya meza ya mama, tukakipaka rangi ya bluu katikati ili kiwe ziwa. Milima ilikuwa mawe yale mepesi yenye matundu tuliyookota nyuma ya nyumba, nyumba zilikuwa visanduku vya kiberiti, na miti ilikuwa vipande vya sponji ya kuoshea vyombo. Udongo tuliutengeneza kwa majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, tukayaanika juani na kuyamwaga juu ya gundi. Kofia za jeshi langu nilizipaka rangi nyekundu ya kucha ya mama, bila kumuuliza.

Mama alikuwa muuza vitenge sokoni, mwanamke wa maneno machache, na siku alipoiona ile kazi yetu hakuulizia hata rangi yake ya kucha. Alisimama mlangoni na mzigo wake bado kichwani. "Deo, mu nyumba yangu batoto habatacheza vita," alisema. "Mi vita niliiona."

"Yaya, na mi niliiona," Tonton alijibu, maana ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa. "Hawa ni vijiti tu. Magaribi bote barudia mu kopo."

Walibishana jikoni kwa sauti ya chini, na sisi tulitega masikio mpaka shingo zikauma. Mwishowe mama alitoa hukumu. Jumapili, baada ya misa, angekaa na kuutazama mchezo mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Akiona watoto wake wanafurahia kuua, kopo na vyote vilivyomo vingeingia ndani ya imbabura, jiko la makaa, naye angepikia maharage. Tulimjua. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure, na mwaka uliotangulia alikuwa amechoma karata za baba.

Tulikuwa na siku tano. Tonton alitupa kazi ya mitumbwi, kwa sababu vita vyetu vingekuwa vya kuvuka ziwa: wa kwanza kushusha wanajeshi watano kwenye ufuko wa mwenzake ndiye mshindi. Fidele alichonga mitumbwi mitatu, kila mmoja peke yake. Mimi nilichonga mitatu nikaiunga pamoja kwa vijiti virefu, mmoja katikati na mingine ubavuni, maana ndivyo wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wanavyotoka kwetu na sikuwa nimewahi kuwaona wakitoka vinginevyo. Tonton aliangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Sisi wasichana wote alituita mama. "Ya vita haifungwe, mama. Donc mumoja akipigwa, bote banaanguka." Nilikataa kuifungua. Nilikuwa mkaidi, na kusema kweli sijapona.

Jumapili mama alikaa kwenye kiti chake, mikono kifuani, bado amevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyecheka. Fidele alitupa dadu kwa mikono miwili, akasogeza mitumbwi yake kwa rula, ulimi nje. Nami nikamwendea kwa mitumbwi yangu iliyofungwa, polepole, kwa sababu ilikuwa mizito na kila mara niliikwamisha kwenye mawe. Alipobakiza upana wa vidole viwili kufika ufukoni kwangu, alitupa dadu kunipiga, ikaja sita. Mtumbwi wangu wa katikati ukapinduka, na kama Tonton alivyonionya, mingine ikapinduka nao. Wanajeshi wangu kumi na wawili wenye kofia za rangi ya kucha walilazwa juu ya bluu. Nilitaka kulia. Si kwa ajili yao, bali kwa sababu niliona wazi tulikuwa tumeshindwa wote wawili: Fidele angeruka kwa furaha, na imbabura ilikuwa imekwisha kuwashwa.

Kwa kanuni, waliozama wanatolewa ubaoni. Tonton alinyoosha mkono kuwaondoa, na Fidele akamshika.

"Ngoja, Tonton. Kuko batu mu mayi."

"Bale ni adui yako. Songa mbele, unashinda."

"Ndiyo," Fidele alisema, akimshangaa mjomba wake. "Lakini beko mu mayi."

Akageuza mitumbwi yake yote mitatu kuwarudia waliokuwa majini. Ziwani kwetu mtumbwi ukipinduka hakuna anayeuliza ni wa nani. Wavuvi huacha nyavu zao, hata wale waliotukanana asubuhi, nasi tulikuwa tumewaona kwa macho yetu tukiwa tumesimama ufukoni na ndoo. Fidele hakuwa anafanya wema. Alikuwa anafanya kinachofanywa. Alipima kwa rula, zamu baada ya zamu, akiwaokota mmoja mmoja, na mimi, badala ya kumshukuru, nilimfokea awashike kwa mguu ili asiharibu rangi. Tonton alikuna kichwa. Kanuni zake hazikuwa na neno lolote kwa jambo hilo.

"Na huyu?" mama aliuliza ghafla. Alikuwa ameinama mbele na kidole chake kilikuwa juu ya ubao. Mmoja wangu alikuwa amebaki chini ya kijiti cha kufungia. Fidele akarudi kumchukua.

Hakuna aliyefika ufuko wowote siku ile. Jua lilipopungua mama alisimama, akawakusanya wote ndani ya kopo, akalibeba, nasi tukamfuata kwa macho mpaka akalipita jiko. Aliliweka juu ya kabati, kando ya Biblia na vikombe vya wageni. "Kesho mutafute fasi ya ile libao," alisema. "Nataka meza yangu." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa nina binti, Keza, wa umri wangu wa wakati ule, naye anacheza. Wanajeshi wake mjomba wake Fidele huwanunua Kigali, wa plastiki, wana mpaka vifungo vya mashati, na Keza huwapaka rangi vizuri kuliko nilivyowahi mimi. Sitasema mchezo wetu ulikuwa bora. Tulichokuwa nacho ni mchana mzima usio na simu, na mtu mzima asiye na haraka. Kanuni za Keza zimechapwa kwenye kijitabu, na humo ukizamisha mtumbwi wa mwenzako unapata alama. Nilipomweleza kanuni ya Fidele alinitazama kwa huruma. "Mama, donc mutu anashinda aje?"

Jumapili iliyopita alimzamisha mtoto wa jirani, watu tisa, akapita katikati yao, akafika ufukoni na kushinda. Akainuka akicheza. Niliumia kidogo, nakiri. Mama yangu alikuwa pembeni anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Umeshinda, ni muzuri," alimwambia mjukuu wake. "Sasa wende ubatoshe mu mayi."

Keza alilalamika kwamba mchezo umekwisha, hakuna tena wa kutoa majini. Bibi yake akaendelea kuchambua maharage. Basi akakaa tena, akavuta mtumbwi wake kutoka ufukoni, akachukua rula.