Majina Niliyoyatafuta kwa Akaunti ya Dukani

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana Kariakoo wameshaisimulia sana na kila mmoja ameitia chumvi yake, mpaka nimesikia eti nilizimia, na sikuzimia, nilichuchumaa tu nyuma ya majora ya vitambaa nikajifanya natafuta mkasi.

Mimi nauza vitambaa kwenye duka la Bi Zuhura, Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, na kibarazani kwetu anakaa fundi Idrisa na cherehani yake, mteja akinunua kwangu anapimwa hapohapo. Idrisa ni mkimya. Asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje?" namjibu, "Salama," na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Lakini mchana wa Kariakoo si mnaujua, jua limekaza, wateja wamepungua, feni inapeperusha ncha za vitenge na cherehani inasikika kule nje taratibu, taratibu, basi macho yangu yanabaki dukani ila roho imeshahamia kwenye nyumba yenye mapazia mepesi ya rangi ya maziwa, Idrisa anarudi jioni kashika mkate, watoto wanamkimbilia. Nilikuwa nimefika mbali jamani. Mapazia yenyewe nilishayabadilisha.

Kosa ni kwamba ndoto hizo nilizipeleka kwenye simu. Binamu yangu Neema, fundi simu wa Gerezani, alinishauri niweke brauza ya programu huria, akanieleza kwamba waliotengeneza wameiacha wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kukagua ndani mna nini, na haina biashara ya kufuatilia unatafuta nini. Nikamwambia mbona hii nyingine niliyoiona kwenye tangazo nayo ni bure, na ukiifungua inakuja na picha ya maporomoko ya maji. (Ndiyo, maporomoko ya maji. Nilipenda kuota huku nayatazama.)

"Ni bure," Neema akasema, "lakini jiulize inakula wapi."

Sikujiuliza. Nikaweka ya maporomoko, nikabonyeza "kubali" kila ilipoomba, na ilipotaka akaunti nikakwama, kwa sababu barua pepe yangu nilifunguliwa na aliyeniuzia simu na nywila anaijua yeye (msinicheke, wengi wenu mko hivyohivyo), kwa hiyo nikaweka akaunti ya dukani, ile iliyo kwenye runinga kubwa tunayoonyeshea wateja mishono. Wala sikuwaza zaidi ya hapo.

Basi Jumamosi ikaja kamati ya harusi kutoka Buguruni, akina mama wa kutosha kujaza duka, wanachagua kitambaa cha sare. Bi Zuhura akawasha runinga, akafungua ukurasa wa kutafutia, akaandika herufi moja tu, "m," pengine alitaka mishono, na chini yake yakashuka maneno mengi. Bi Zuhura bila miwani haoni, akamgeukia katibu wa kamati. "Mwanangu, hebu nisomee hapo."

Katibu ana sauti ya kutangazia msiba. Akasoma, "Mishono ya bibi harusi mnene. Mapazia ya chumba cha maharusi. Mafundi cherehani wakimya wanapenda wanawake wa aina gani." Akaisogelea runinga. "Majina ya watoto wa kike yanayoendana na Idrisa."

Kule nje cherehani ikanyamaza.

Nikasema, "Itakuwa virusi hivyo."

"Virusi vinamjua Idrisa?" katibu akauliza, wala hakuwa anatania, alitaka kujua kweli. Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta mkasi. Kicheko chao sikukijali, niliogopa kitu kimoja tu, kwamba Jumatatu sitasikia tena "umeamkaje," na nilijua bila neno hilo duka lile litanishinda.

Idrisa akaingia, futi kaining'iniza shingoni, akatazama runinga, akatazama majora niliyojificha nyuma yake, akasema, "Nani anapimwa kwanza?" Akawapima wote kama kawaida, na sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika zile.

Jioni tulipokuwa tunafunga akasimama mlangoni. "Dada Rehema," akasema (hilo "dada" lilitangulia, nikajua), "mimi nina mke, yuko kwao Mtwara. Kosa langu, sikuwahi kusema." Nikajibu hamna shida, nikiwa nahangaika na kufuli. Hakuondoka. "Anakaribia kujifungua, wanasema ni wa kike. Yale majina, ulipata zuri?"

(Habari ya kuwa mke wa pili msinianzie, kamati nzima ilishanishauri walipokuja kuchukua sare.)

Nilikuwa nalo moja, nililichagua zamani na nilikuwa nalitamka peke yangu feni inapozunguka. Nikampa. Nuru.

Kesho yake nilikwenda kwa Neema, akanitoa kwenye akaunti ya dukani, akaifuta ile ya maporomoko na kuniwekea ile huria, akaipanga isahau kila kitu ninapoifunga, na hakunisimanga hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi. Nimeapa sitabonyeza "kubali" tena kabla sijasoma, na akaunti ya mtu siigusi.

Juzi mke wa Idrisa amefika, mwanamke mpole, akaja dukani na mtoto mgongoni kununua kitenge. "Wifi," akaniambia, "nimeambiwa jina ulimchagulia wewe." Akamfungua akanipakatisha. Nikamwita, Nuru, Nuru, na mtoto akanitazama kama ananijua, na kibarazani cherehani ikawa inaendelea, taratibu, haikusimama.