Beki wa Buteba

Ukisema pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwamba mwanao anacheza mpira Ulaya, swali linalofuata ni moja tu: amefunga mangapi? Laban Omoding aliulizwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuwa na jibu la kumfurahisha mtu.

Mwanawe Eriku alikuwa mchezaji wa kulipwa, hilo halikuwa uongo. Ila mchezo wenyewe ulichezwa juu ya barafu, watu wamevaa viatu vyenye visu chini ya soli, wakigombania kwa magongo kisahani cheusi cha raba. Na Eriku alikuwa beki. Katika maisha yake yote ya uchezaji alifunga bao moja, na hata hilo lilimgonga mguuni likaingia lenyewe. Norah, muuza mayai wa upande wa Kenya na mteja wa Laban tangu zamani, hakuchoka kumchokoza. Kwani huyo kijana, alikuwa akiuliza, huko baridini analipwa kwa kusimama? Laban alicheka na wenzake, maana mpakani utani ni sehemu ya kazi. Lakini ilimuuma. Mzee huyu alikuwa na hamu moja tu duniani, kujua mwanawe ana ustadi gani hata watu wazima wamchukue mbali vile, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Ili umwelewe Eriku, mwone babake kwanza. Laban alipooza miguu akiwa mdogo kijijini kwao Buteba, na kama wanaume wengi wa hali yake pale Busia, riziki yake aliipata kwenye baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, akivusha mizigo kati ya nchi mbili: unga, chumvi, sabuni, trei za mayai za Norah. Mzigo ulipangwa nyuma yake hadi ukampita kichwa. Kwenye tambarare, vijana wasukumaji walikaa nyuma. Kwenye mteremko wa kushukia geti la mpaka, kazi iligeuka. Breki za baiskeli zile ni za kujifariji tu, kwa hiyo mmoja alikwenda mbele, akageuka, akashika usukani na kushuka kinyumenyume, akiuzuia mzigo wote kwa mwili wake huku mgongo wake umeelekea malori. Walimwita mtu wa mbele. Eriku alikuwa mtu wa mbele wa babake kabla hata sauti yake haijavunjika.

Siku ya kwanza alikodolea magurudumu macho kwa hofu, nusura waanguke wote wawili. Laban akamwambia, "Usitazame gurudumu, itakudanganya. Tazama kifua yangu. Mahali kifua inaenda, mzigo inaenda."

Mtoto akalishika neno hilo.

Kisha ikaja siku ya mvua. Baiskeli ilibeba chumvi, barabara imelowa, na breki ikakatika katikati ya mteremko. Chini kulikuwa na foleni ya matrela. Mtu mzima angeruka pembeni na hakuna ambaye angemlaumu. Eriku hakuruka. Alishuka kinyumenyume, visigino vikichimba tope, kandambili zikimtoka moja baada ya nyingine, macho hayabanduki kifuani kwa babake, akiupinda usukani huku na kule mpaka baiskeli ikapunguza mbio na kusimama. Mgongo wake ulikuwa umegusa trela. Laban alisema chumvi isilowe, wakaifunika, wakavuka. Kazi ya pale haikuachii nafasi ya kustaajabu.

Shule ya msingi ilipokwisha, mjomba akamchukua Eriku Nairobi. Huko, Jumapili baada ya ibada, vijana waliteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa, naye akajiunga nao. Baadaye wakampeleka kwenye hoteli iliyokuwa na kiwanja kidogo cha barafu. Kila anayekanyaga barafu mara ya kwanza huanguka, na Eriku alianguka akatosheka. Lakini kocha, mgeni aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliona kioja. Kwenda mbele kulimsumbua kijana huyu; kwenda nyuma alikwenda kama mtu anayerudi kwao. Wenzake walikuwa wakihangaika na jambo hilo mwaka hadi mwaka. Kocha akamfanya beki, akamnoa, na mwishowe akamtafutia timu katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ulaya. Ligi ilikuwa ya chini, lakini ilikuwa ya mshahara.

Kule jua lilizama mchana watu wakiwa bado kazini. Eriku aling'olewa meno ya mbele, akashonwa kidevu, akajifunza kulala ndani ya basi la timu huku theluji ikipiga madirisha. Kila Jumapili alimpigia babake simu, na kila Jumapili Laban aliuliza kama amefunga.

"Hapana, Papa. Lakini hawajanipita."

Laban alijibu vema, vema, akakata simu, na hakuwa ameelewa kitu.

Mwishowe goti lililoumia likamlazimu Eriku kuacha ligi na kurudi. Vijana wa Nairobi, waliokuwa wakimwona kama kaka yao mkubwa, wakaandaa mechi ya kumuaga kwenye barafu ile ile ya hotelini. Laban akasema atakwenda. Norah, ambaye hufuata bidhaa Nairobi, akasema atamsindikiza ili hatimaye ayaone hayo mabao.

Barafu Laban aliijua ya kwenye glasi ya soda. Sasa aliona sakafu nzima yake, nyeupe, inatoa moshi wa baridi. Aliomba asogezwe kwenye mlango wa kiwanja, akainama, akaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo mpaka kikafa ganzi. Yalikuwa maji tu, yale yale ya kisima cha Buteba, na juu yake wanaume wazima walipita kwa kishindo cha visu, upepo wao ukimpiga usoni. Aliogopa, na hakutaka kuondoka.

Mwanzoni alimtafuta mwanawe karibu na goli la wapinzani, kwenye mabao. Hakumwona. Ndipo mpinzani mmoja, pande la mtu, akanyakua kisahani na kuja nacho peke yake, uwanja wote mtupu mbele yake. Mtupu, isipokuwa Eriku.

Eriku akageuka, akaanza kurudi nyuma. Alikwenda kinyumenyume kwa kasi ambayo Laban hakupata kuiona hata kwa mtu anayekimbia mbele. Gongo la yule bwana lilicheza kulia na kushoto, kisahani kikayumba, watazamaji wote wakakifuata kwa macho. Eriku hakukitazama hata mara moja. Alikuwa akitazama kifua.

Mikono ya Laban ilikuwa imekamata usukani ambao haukuwapo. Jitu lile likajifanya linakwenda kulia, kifua kikaenda kushoto, na Eriku alikwishafika huko kitambo. Wakakutana. Yule bwana akasimama pale pale, kisahani kikabaki miguuni mwa Eriku, naye akakisukumia wenzake taratibu kama mtu anayerudisha sahani jikoni. Makofi yalikuwa machache. Halikuwa bao.

Norah akamgeukia Laban amuulize kama ndiyo hayo tu, akakuta mzee analia.

"Ni mteremko," Laban alisema. "Norah, ile ni mteremko yetu."

Norah alikuwa amewaona wakishuka mteremko ule miaka ile yote. Akatazama tena barafuni, akashika mdomo, na hakuuliza mabao tena.

Wiki ile ile Eriku alikuwa Busia. Asubuhi Laban alipakia unga, wakafika juu ya mteremko, na dereva wa trela aliyewajua akatoa kichwa dirishani. Haya, bingwa amerudi, alisema. Katika miaka yote hiyo amefunga mangapi?

Wasukumaji wakaanza kucheka mapema. Laban hakucheka nao safari hii.

"Moja, na ilimgonga tu mguu," alisema. "Lakini wewe nitazame mimi. Si unaniona niko hapa?"

Dereva hakuelewa, na Laban hakujisumbua kumweleza. Alimuuliza mwanawe kama goti litaweza. Eriku alipita mbele akichechemea kidogo, akashika usukani, akayapa malori mgongo, na kumtazama babake kifuani.