Nafasi ya Shikamoo

Dada wa meza ya jirani hutunza maktaba ya lugha ya kompyuta iitwayo C, vipande vya programu vinavyotolewa bure, vyepesi hata vikaenea kwenye kompyuta ndogo kama ukucha. Siku nzima anapunguza. Kila akifuta mstari hunong'ona, "Pole," kisha hupuliza kibodi kama anayepoza chai. Jana alikuwa anapakia programu kwenye kisanduku cha kumkumbusha mama yake kumeza dawa, nafasi ikawa haitoshi. Nikamwonyesha kinachoimaliza: sauti yake mwenyewe ikisema, "Shikamoo, mama," kabla ya kengele kulia.

"Si ufute hii, dada?"

Akanitazama kana kwamba nimekanyaga mkeka wake kwa viatu. "Mama hamsikilizi mtu asiyemwamkia."

Akafuta kengele.