Jina Lililogoma Kutoka kwenye Jezi ya Lorraine

Mvua inapiga kioo cha duka, baridi inaingia kwa chini ya mlango, na Odessa Grimsley anainua jezi ya kijani usawa wa dirisha, kama mtu anayekagua shuka kama limetakata. Mgongoni hakuna jina. Herufi zilifumuliwa miaka tisa iliyopita, na aliyezifumua ni yeye mwenyewe.

"Haya, soma," anasema.

Na linasomeka, yaani herufi kwa herufi. PETTWAY.

Jezi nzima imepauka kwa jua na kufuliwa, isipokuwa pale jina lilipokuwa limekaa. Pale kijani ni kilekile cha siku ya kwanza, kimezungukwa na vitundu vya sindano.

"Watu walidhani ukifumua jina limeondoka," anasema Odessa, na anacheka mpaka miwani inamteleza puani. "Niliwaambia litabaki. Nani angenisikia? Walikuwa na haraka ya kukasirika."

Odessa ana miaka 68. Anashona majina na namba kwenye jezi katika duka lake dogo la Barabara ya Dorr, hapa Toledo, jimbo la Ohio. Jina moja ni dola 25. Timu ikishinda, cherehani haipoi. Ikifungwa, anakunja pindo za suruali na kungoja Jumapili, wanakwaya wa kanisani wararue majoho yao.

Wiki hii hata waliokuwa hawafuati mpira wa kikapu wana jina moja tu mdomoni. Lamont Pettway, yule yule aliyewapa Wapuliza Vioo, timu ya mji huu, kombe lao la pekee, anagombea umeya. Kura ni Jumanne. Ukiingia saluni ni Pettway, ukiingia benki ni Pettway, na kwenye redio wanapiga simu watu wanaosema hawana neno naye, ila tu anaonekana mkali.

"Mkali," Odessa anarudia, anauma uzi kwa meno. "Wewe unamkumbuka Haldorsen?"

Nani asiyemkumbuka. Curt Haldorsen, mzungu mrefu wa nywele za njano, alicheza na Pettway miaka minane, walipeana pasi wakiwa wamefumba macho. Haldorsen akikasirika alikuwa anarusha viti uwanjani.

"Watangazaji walisema ana ari. Lamont akikunja uso tu, basi, ana hasira. Haldorsen akifunga, ana akili ya mchezo. Lamont akifunga, kazaliwa nacho."

Neno hilo, kazaliwa nacho, ndilo lililokuwa likiwasha moto duka hili enzi hizo. Na hapo Odessa anaweka sindano chini, anageukia kona yenye redio ya zamani, na unaona kabisa kwamba hayupo tena kwenye mvua ya leo.

Kona ile ilikuwa na viti viwili. Kimoja cha mumewe, Rayford. Cha pili cha Walt Kowalczyk, Mpolandi wa mtaa wa Lagrange aliyefanya kazi na Rayford kiwanda kimoja cha magari, bega kwa bega, tangu wote wakiwa na nywele. Kila usiku wa mechi Walt alikuja na mkewe, Lorraine. Wanaume redioni, wanawake mezani. Kabla ya Kwaresima Walt alileta ponchki, zile donati nene za kwao zilizojaa jemu, na Rayford alimaliza nusu ya boksi kisha akamlaumu paka.

"Walt anasema, 'Yule Pettway kazaliwa nacho, bwana.' Rayford anamjibu, 'Alizaliwa kashika mpira, Walt? Mkunga alimpigia filimbi? Mimi nimemwona yule mtoto anaruka peke yake uwanja wa shule, barafu hii hapa, vidole vinatoka damu. Haldorsen wako alikuwa wapi?' Walt anasema, 'Alikuwa anafikiri.' Basi hapo wanacheka mpaka mechi inawapita."

Halafu ukaja ule usiku. Polisi walikuwa wamempiga risasi kijana mmoja wa mjini, hana silaha. Kabla ya mechi Pettway alichukua kipaza sauti, akalitaja jina la kijana, akasema, "Leo sichezi," akaenda kuketi.

Kesho yake foleni ilitoka mlangoni kwa Odessa mpaka kwenye duka la viatu. Wote wanataka jina litolewe. Wote wanasema kitu kimoja, kwamba siasa na michezo visichanganywe. Sasa sikia. Mwaka mmoja kabla, Haldorsen alipanda jukwaa la mkutano wa siasa na jezi yake mwilini, akahubiri kodi zipunguzwe. Hakuna aliyeleta jina lake lifumuliwe. Walikuja kulinunua. Leo ni mheshimiwa katika bunge la jimbo kule Columbus.

"Wiki ile niliingiza pesa kuliko wiki ya kombe," anasema Odessa. Anaonyesha juu kwa kidole. "Rayford hakutaka kuzigusa, na nyumba ilikuwa inavuja. Paa hilo unaloliona ni hasira za watu."

Katika foleni ile alikuwemo Walt. Alibeba jezi tatu, na moja ilikuwa ya Lorraine, ambayo aliitoa kabatini bila kumwambia. Rayford alimtazama, akachukua kofia akaenda nyuma ya duka. Hawakuketi pamoja tena. Rayford alikufa miaka minne baadaye, na Walt alisimama nje ya kanisa, ng'ambo ya barabara, mpaka jeneza likaondoka.

Lorraine yeye aliivaa jezi yake, hii hii ya leo, hivyohivyo, na kivuli cha jina mgongoni, sokoni na kote. Alifariki Machi mwaka huu.

Kengele ya mlango inalia. Ni Walt mwenyewe, mvua inamchuruzika kofiani.

"Dessa. Imekwisha?"

"Umeileta jana, Walter. Mimi mashine?"

Anapomwita Walter kwa urefu, ujue bado hajamsamehe. Walt anasimama karibu na kile kiti chake cha zamani, hakai.

"Lorraine aliniomba," anasema polepole. "Hospitali. Aliniambia, rudisha ulichotoa."

Odessa anainama, anavuta kopo la biskuti kutoka chini ya meza. Humo zimo herufi zote alizozifumua wiki ile. Hakutupa hata moja. Anachambua zile ndogo, za jezi ya kike, anazisukuma upande wa Walt.

"Panga mwenyewe."

Walt anainamia meza. Anaweka P. Anaweka E. Kila herufi inaingia kwenye kivuli chake bila kubaki nafasi, na akifika kwenye Y anatoa leso.

"Kwa hiyo Jumanne unampa kura," anasema Odessa.

Walt anakunja leso. "Jina nalitaka, Dessa. Kura bado naifikiria. Mchezaji sawa, nampenda. Lakini umeya, sijui. Huwa ana..."

"Ana nini?"

Walt anatazama kopo la biskuti.

"Miaka yote hiyo mnampenda akivaa bukta," Odessa anasema, taratibu kabisa. "Akivaa suti mnamwogopa. Mtu ni yuleyule, Walt. Nilimshonea vyote viwili."

  Walt anasema kwa sauti ndogo, "Rayford angenitukana vizuri zaidi."

"Angekutukana kwa saa nzima. Halafu angekuuliza ponchki ziko wapi."

Walt anacheka.

Odessa anachukua jezi, lakini haipeleki kwenye cherehani. Anatunga uzi mweupe na kupiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikiza tu, ile ambayo ukiivuta mara moja yote inatoka. Anamkabidhi.

"Hii si imara," anasema Walt.

"Najua. Na wewe bado hujawa imara. Rudi Jumatano, niipitishe mashine."

Walt akishaondoka, Odessa anasema hatamuuliza amempigia kura nani. Atamtazama tu usoni, kwa sababu Walt hakuwahi kujua kudanganya, hata kwenye karata. Tumaini lake si umeya peke yake. Jumatano jioni Wapuliza Vioo wanacheza nyumbani, na anataka duka liwe na kelele tena, hata za ubishi.

Anapangusa vumbi kwenye redio. Kisha anavivuta viti vyote viwili karibu nayo, cha Walt kwanza, halafu, akisita kidogo, cha Rayford. Hicho atakikalia yeye.